Mgeni wa Minjila asiyetaka kuaga

UKITOKA Malindi kwa basi kuelekea kaskazini, baada ya kilometa 100 na ushei utafika Minjila. Hapa barabara hugawanyika: moja yaenda Garsen, Hola hadi Garissa, nyingine yashika njia ya Witu na Lamu. Abiria hushuka kunyoosha miguu, na kwa jua la Tana River, kitu cha kwanza anachotafuta kila mtu ni kivuli.

Kivuli kipo. Nyuma ya vibanda na nyuani mwa watu umesimama mti wa vijani vidogovidogo, kijani kibichi hata wakati wa ukame, wenye maganda ya manjano na miiba mikali. Huo ndio mathenge. Usipoambiwa, utadhani ni mgunga wa papa hapa.

La hasha! Asili yake ni Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Mwaka 1973 ulipandwa Mombasa kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa tupu. Miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo, na pia Bura, kwenye mradi wa kunyunyizia mashamba maji humu humu Tana River, ili watu wapate kuni na kivuli. Nia ilikuwa njema.

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hakungoja jembe; alilitwaa shamba lenyewe.

Alilitwaaje? Mbuzi na ng'ombe huyapenda maganda yake kwa utamu. Mbegu hupita tumboni salama, zikaanguka pamoja na samadi na kuota huko malishoni. Mto Tana nao unapofurika, kama ilivyokuwa mwaka 1997, 2018 na 2023, maji huyachukua maganda na kuyashusha hadi delta. Na ukiukata mti juujuu, kisiki huchipua matawi mengi kuliko ya kwanza.

Hivyo mti wa uani hauishii uani. Palipokuwa na malisho ya Waorma na Wawardei, au mashamba ya Wapokomo, pamezuka vichaka visivyopitika. Miiba hutoboa kandambili na magurudumu. Mbuzi wanaoshinda wakila maganda hayo huoza meno. Katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2006, wakazi wa Baringo walimpeleka mahakamani mbuzi kibogoyo awe ushahidi. Mwaka 2008 serikali ikautangaza mti huo kuwa gugu hatari.

Usicheke, mpenzi msomaji. Katika delta hii, mwaka 2012, uhasama wa wafugaji na wakulima, ambao mizizi yake ni ardhi, malisho na maji, uliangamiza watu zaidi ya 100. Kila ekari inayomezwa na kichaka huwasogeza jirani karibu zaidi na ugomvi.

Je, tuikate miti yote ya kigeni? Hapana. Mwembe, unaopendwa sana kando ya Tana, asili yake ni Asia. Mwarobaini vilevile, ingawa nao wahitaji macho kwani ndege hutawanya mbegu zake. La kuuliza kabla ya kupanda mche si kwamba umetoka wapi tu, bali nani atazibeba mbegu zake, na kuzipeleka wapi.

Aliye na mathenge uani aung'oe na kisiki chake, achome makaa, na maganda ayasage mbegu zipondeke kabla ya kulisha mifugo. Kisha apande mkwaju, mwenyeji wa Afrika. Hukua polepole, lakini kivuli chake hakina deni.

Honi ya basi ilipolia, mbuzi mmoja alikuwa chini ya mathenge akitafuna maganda. Alipotosheka alivuka barabara taratibu, akashika njia ya Lamu, mbegu tumboni.