Fimbo ya Uani

Mtu akisema anataka kujifunza fimbo ya Kijapani nyumbani kwake, swali la kwanza la kumwuliza ni: fimbo ipi? Wajapani wana fimbo nyingi, na kila moja ina ukoo wake. Iko bo ya Okinawa, yapata sentimita 182, ndefu kuwashinda wengi wanaoishika, ambayo michezo yake mingi mtu huicheza peke yake tangu mwanzo hata mwisho. Iko fimbo ya watu wa aikido, waliyoirithi kwa Ueshiba Morihei. Na iko jo ya chuo cha Shinto Muso-ryu, ya sentimita 128 kwa urefu na 2.4 kwa unene, nayo ndiyo niliyofundishwa mimi. Naanza na hesabu hizi kwa sababu nimeona vijana wakinunua kitabu cha moja na kuchongesha fimbo ya nyingine, kisha wakashangaa kwamba picha hazitaki kulingana na mikono yao.

Mimi jo niliikuta Fukuoka, katika kisiwa cha Kyushu, nilipokuwa huko kwa masomo ya umeme kuanzia 1992 hadi 1994. Huko ndiko kwao. Wasimulizi husema kwamba mwanzilishi wake, Muso Gonnosuke, alishindwa na mpiga upanga Miyamoto Musashi mwanzoni mwa karne ya 17, akaenda kujitenga katika mlima Homan, na huko akaoteshwa kwamba ashike mti wa mviringo na aijue suigetsu. Hayo ni mapokeo, wala sikuapii. Lakini mlima upo, mita 829, nami nimeupanda. Ngazi zake za mawe zilinikumbusha magoti yangu kwa siku tatu. Jo ikakaa na watu wa ukoo wa Kuroda waliotawala jimbo lile, ikafundishwa humo humo kizazi baada ya kizazi, mpaka katika karne ya 20 Shimizu Takaji alipoipeleka Tokyo na kuwafundisha polisi.

Hilo neno suigetsu ndilo lililonifundisha mapema mipaka ya vitabu. Kamusi itakwambia ni mwezi ndani ya maji. Kitabu kizuri kitaongeza kwamba ni jina la kata ya pili. (Kata, msomaji, si ile ya diwani wala ile ya kuchotea maji mtungini, ni mpangilio wa mapigo uliokwisha fungwa, wa watu wawili, mmoja ana upanga wa mti na mwenzake ana jo.) Mwalimu wangu hakunifasiria lolote. Aliweka ncha ya jo yake pale sisi tunapopaita chembe cha moyo, akasukuma kidogo, pumzi ikanikatika, naye akasema kwa upole, "Suigetsu." Tangu siku ile sijaitafuta kamusi.

Basi niliporudi Mombasa nilikuwa na jo moja ya mwaloni mweupe, miaka miwili ya mazoezi mwilini, na hapana mtu wa pili. Jambo la kwanza lilikuwa mti. Ukiwa na fimbo moja tu utaionea huruma, na fimbo inayoonewa huruma haipigi. Watu walinishauri mpingo, kwa kuwa ndio mti wa heshima, lakini mpingo ni mzito mno, huzama majini kama jiwe, na mabega ya mtu hayakuumbwa kuuzungusha mara mia kila jioni. Fundi mmoja mzee alinichongea ya mkole, mti unaotumika kwa mipini na pinde, unaopinda kidogo kabla ya kukataa. Nilimpa vipimo, akaniuliza kichwa chake ni kipi. Nikamwambia haina kichwa wala mkia, ncha zote mbili ni sawa, na popote uishikapo ndipo mpini. Alinitazama kama mtu aliyeagizwa mlango usio na bawaba.

Kisha vitabu. Nilichokipenda kuliko vyote ni cha Pascal Krieger, Mswisi, kilichotoka 1989 kwa Kifaransa na Kiingereza pamoja. Kinaeleza jo kwa subira ya mtu aliyekaa chini ya walimu. Vya Saito Morihiro vya miaka ya 1970 ni vya fimbo ya aikido. Mtu wa fimbo hiyo ana bahati kuliko mimi, kwani Saito aliwapangia mapigo 20 ya mtu mmoja na kata ya hatua 31 ambayo haidai mwenzi, na picha zake zimepangwa kwa nambari. Lakini picha, hata zikiwa nyingi namna gani, zinaonyesha vituo, hazionyeshi safari. Unaona mkono ulipo katika picha ya nne na ulipo katika picha ya tano. Katikati hapo, ambapo nyonga inatangulia na mkono unafuata, pana karatasi nyeupe tupu.

Zamani Wajapani wenyewe hawakujidanganya juu ya jambo hili. Vyuo vyao vya kale vilikuwa na hati za kukunjwa alizopewa mwanafunzi aliyefikia daraja, na wageni huzidhania kuwa hazina ya siri. Ukizifungua, mara nyingi utakuta orodha ya majina ya kata tu. Aliyefundishwa, jina linamtosha, kwani mwili wake unakumbuka yaliyobaki. Asiyefundishwa amepata karatasi nzuri. Katika chuo cha Katori Shinto-ryu aingiaye hula kiapo kwa damu ya kidole chake kwamba hatayatoa nje mafunzo, na hata hivyo Otake Risuke, mwalimu wa chuo hicho hicho, aliandika vitabu vitatu juu yake miaka ya 1970. Nadhani alijua kwamba picha haitoi siri.

Mwalimu alinitumia kanda ya video mwaka 1996. Niliisubiri miezi miwili, na ilipofika ikawa ni mvua tupu: Wajapani walitumia mfumo wa NTSC na deki yetu ilikuwa ya PAL. Picha ilikuja nyeusi na nyeupe, ikipanda juu kama pazia linalovutwa na mtoto. Hata hivyo sauti ilikuwa safi. Kwa karibu mwaka mzima, mpaka nilipopata mtu wa kuihamisha, niliisikiliza tu: mti ukigonga mti, kimya, ukelele, hatua, kimya kirefu zaidi. Na nakwambia kweli, sikupata chombo bora cha kujifunzia mwendo kuliko ile kanda mbovu. Niliposhika jo uani nilijua kimya cha Suigetsu ni kirefu kiasi gani.

Zaidi ya kanda, zilikuwako barua. Nilimwandikia kwa Kijapani changu cha kuokoteza, naye akajibu kwa michoro: nyayo mbili, mshale, duara jekundu juu ya kiwiko cha kushoto. Hakuwahi kujibu swali langu la kweli, ambalo nililiuliza kwa njia nyingi, kwamba je, ninachokifanya huku peke yangu bado ni jo, au kimekwisha kuwa kitu kingine kinachofanana nayo? Mwaka 2003 alifariki. Barua ninazo tisa, nimezitia katika mfuko wa plastiki kwa ajili ya unyevu wa pwani, na swali nikabaki nalo.

Kwa mtu wa nyumbani, chakula cha kila siku ni yale mapigo ya msingi 12 aliyoyapanga Shimizu ili aweze kufundisha watu wengi kwa pamoja. Yana sura mbili, ya mtu peke yake na ya wawili, na ile ya peke yake inatosha uani. Shirikisho la kendo la Japani lilipochagua kata 12 za kufundishwa nchi nzima, mwaka 1968, mapigo hayo yakawa mlango wake. Nilikuwa nayafanya baada ya alasiri, upande wa kulia na upande wa kushoto, kwani jo haikubali mtu wa mkono mmoja. Watoto wa mtaani waliniita Mjapani. Mke wangu hakusema kitu, ila alihamisha kamba ya nguo.

Lakini kata zilidai mtu wa pili. Mtu akicheza hewani peke yake, adui wake wa kufikirika humheshimu mno: husimama pale pale anapotakiwa, hupiga taratibu, hufa kwa wakati. Umbali unapungua kidogo kidogo pasipo mtu kuuona. Hilo kitabu hakiwezi kulizuia, wala kanda.

Shemegi yangu ni mtu wa Lamu, na ujanani alicheza kirumbizi kwenye harusi na Maulidi. Alikuja kutusalimu, akanitazama jioni tatu bila neno, ya nne akauliza, "Shemegi, huo mchezo mbona wacheza na ukuta? Hauna mwenzake?" Nikampa upanga wa mti, nikamwonyesha asimame wapi na apige wapi. Akapiga. Hakupiga taratibu, wala hakunisubiri. Katika chuo, mwenye upanga huwa ndiye mkubwa, anayemvuta mdogo wake katika kata, na shemegi hakujua hata jina la kata, lakini fimbo aliijua tangu utotoni, na macho yake hayakushuka kwenye mikono yangu hata mara moja. Mwili wangu ukaondoka njiani kabla sijaamua, na ncha ya jo ikasimama palepale, juu ya chembe cha moyo wake. Tukacheka wote wawili. Aliniuliza ngoma iko wapi. Nikamwambia huku hakuna ngoma wala zumari. "Ipo," akasema, "waipiga kwa miguu."

Siku hizi yuko kijana wa jirani ambaye simu yake imejaa fimbo za dunia nzima. Mimi nilisubiri kanda moja miezi miwili. Yeye hupata walimu kumi kabla ya chai. Simwonei wivu. Juma hili ni mwanafunzi wa Okinawa, juma lijalo wa aikido, na wengine katika video hizo hawana chuo chochote ila vipaji vya kurusha fimbo juu na kuidaka. Amenitaka nimfundishe. Nimemwambia sina daraja la kufundisha, na akitaka anaweza kuja kufanya pamoja nasi mapigo 12, hayo tu, mwaka mzima, na simu iwekwe juu ya kiti iturekodi kwa ubavuni, si kwa mbele, kwa sababu mbele huficha umbali. Amekuja mara sita. Ya saba alikuwa na mtihani.

Ile simu lakini imenipa kitu. Mwezi uliopita kijana aliipeleka rekodi yetu ya Suigetsu kwa mwenzangu mmoja wa ukumbi wa Fukuoka, ambaye siku hizi ni mzee kama mimi na ndiye anayefundisha pale. Nilingoja siku nne. Jibu lilikuwa picha ya karatasi aliyoichora kwa mkono: nyayo mbili, mshale, duara jekundu juu ya kiwiko cha kushoto. Chini yake aliuliza mwenye upanga ni nani, na alijifunza wapi.