Kipa Hakuuza Mechi

Toronto, Kanada

Ndugu zangu,

Nimeusikiliza ule ujumbe wa sauti mliourusha kwenye kundi la ukoo baada ya timu yetu ya mtaa kutolewa kwa matuta, na umeniudhi. Kijana wa watu kadaka dakika 90 bila kuruhusu bao, halafu mnamtangaza kuwa kauza mechi! Uchungu wa timu nauelewa, maana nimelelewa nao, lakini hapa mmekosea.

Huku watu wanaumwa na hoki ya barafu kama ninyi na Simba na Yanga. Kwenye ligi ya NHL, dakika 60 zikiisha kwa sare zinaongezwa 5. Sare ikigoma kuvunjika, wanapigiana matuta: mchezaji anakichukua kisahani, ambacho ndicho mpira wao, katikati ya uwanja na kuteleza nacho peke yake hadi kwa kipa. Walianza msimu wa 2005-06. Oktoba 5, 2005, Ottawa iliifunga Toronto hapahapa kwa matuta, na ubao ukasomeka 3-2, kwani mshindi wa matuta huongezewa bao moja tu, hata akifunga mangapi.

Sasa fungueni takwimu za kipa aliyeshindwa. Lile bao la nyongeza hamlikuti. Wastani wake wa kufungwa unatokana na dakika alizocheza, na matuta hayana dakika. Hata mikwaju anayoipangua kwenye matuta haiingii katika asilimia yake ya kuokoa, awe mshindi au mshindwa. Akimaliza dakika 65 bila kufungwa, anaandikiwa mechi ya kutofungwa ingawa timu yake imepoteza kwa 1-0. Kupoteza huko nako kuna safu yake, mbali na vipigo vya dakika 60, na timu inaondoka na pointi 1, mshindi 2.

Desemba 16, 2014, Florida na Washington walifika raundi ya 20, kitu ambacho ligi ilikuwa haijapata kukiona. Florida wakashinda 2-1. Makipa wao, Roberto Luongo na Braden Holtby, walipitwa mara kadhaa kwenye matuta yale, lakini katika rekodi kila mmoja ana bao 1 la kufungwa. Na ligi ikifika hatua ya mtoano, matuta hayapo kabisa. Wanacheza vipindi vya dakika 20 mpaka mtu afunge.

Sisi hata tunaposifu tunasifu vibaya. Agosti 2023 kule Tanga, kipa Ally Salim alipangua matuta matatu ya Yanga na Simba wakabeba Ngao ya Jamii. Hilo mnalihadithia mpaka leo, na anastahili. Lakini mechi iliisha 0-0, kwa hiyo kipa wa Yanga naye hakufungwa. Nani alimpongeza?

Ninyi mnaosimamia timu za mtaani, nunueni daftari. Andikeni dakika za kipa, mikwaju iliyolenga goli, aliyookoa na mabao. Uliopaa juu ya mwamba msimhesabie. Akitolewa, andikeni dakika aliyotoka, mabao ya baadaye yawe ya aliyeingia. Matuta yapeni ukurasa wake: aliyepiga, alipopeleka, kipa alikoruka. Na mkikaa kujadili usajili, anzeni na ukurasa wa dakika. Wa matuta usomwe mwisho.

Wasalaam,
Ndugu yenu