Injini ya Kigari cha Mjomba

Mjomba wangu, mkulima wa mboga huko Ruiru, aliazimia kuundiwa kigari chepesi cha kupelekea sukumawiki sokoni. Akiba ya mavuno mawili ilitosha injini moja, si mbili, nami nikaitwa kutoa shauri. Mwanafunzi wa Kiswahili na injini, wapi na wapi!

Tulikwenda kwa fundi wa jua kali mjini Thika, mji unaounganisha magari tangu miaka ya 1970. Mjomba aliitaka dizeli ya silinda moja, ile ya vinu vya posho, kwa kuwa haili mafuta mengi. Fundi akatueleza kwamba dizeli haina plagi. Hewa hubanwa hadi joto lake liwashe mafuta, na kwa hiyo kuta za silinda sharti ziwe nene. Hapo ndipo uzito unapotoka. Mchango wangu ulikuwa neno moja, mgandamizo, akalipokea kwa tabasamu.

“Mzee,” akasema, “mtetemo wake utapasua fremu hii.”

Mjomba hakuyumba. Ikaamuliwa: dizeli, vyuma vinene zaidi, raba nne chini ya injini, na magunia mawili yapunguzwe katika kila safari.