Mkono Uliolaumiwa

Kwenye faili la kazi la shangazi yangu kuna sentensi inayosema ana mkono dhaifu. Iliandikwa nikiwa darasa la tatu, baada ya jaribio la kulenga shabaha ambapo bastola aliyopewa ilikwama mara tatu. Wiki iliyofuata alihamishiwa mapokezi, akawa anaandika majina ya wageni kwenye daftari, na huko ndiko alikostaafia. Nyumbani habari hiyo iligeuzwa utani. Baba zangu wadogo walikuwa wakimpa chupa ya soda aifungue kwa mkono, kisha wanacheka hata kabla hajajaribu.

Sasa nasoma shahada ya uzamili katika uhandisi wa mitambo. Utafiti wangu unahusu pampu za maji, si silaha, lakini swali ninaloulizwa kila siku ni lilelile: mashine ikigoma, utajuaje kama tatizo ni mashine au ni mtu? Swali hilo ndilo lililonifanya nisome kuhusu bastola ya shangazi.

Tuanze na rivolva. Ile huzungushwa na nguvu za mpigaji mwenyewe: kidole kikivuta triga, au dole gumba likivuta nyundo, silinda inageuka na risasi nyingine inakaa tayari. Hata ukiishika vibaya, itageuka tu. Bastola ya kujipakia haisubiri kidole. Inatumia teke la risasi iliyotoka. Risasi ya kawaida ya milimita 9 ina uzito wa gramu 8 hivi, na hutoka kwa mwendo wa takriban mita 350 kwa sekunde. Inapokwenda mbele, kanuni ya tatu ya Newton inadai malipo: slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, inarushwa nyuma. Ikirudi nyuma inavuta ganda tupu na kulitupa nje, inakandamiza springi, kisha springi inaisukuma mbele ikichukua risasi mpya kutoka kwenye magazini. Yote hayo huisha kabla hujapepesa macho.

Lakini slaidi inarudi nyuma ikilinganishwa na nini? Na fremu, sehemu ya chini unayoishika. Hapo ndipo mkono unapoingia. Kama umewahi kumtazama konda akifungua mlango wa Hiace uliokaza, unajua kwamba kwanza anakita mguu. Asipoukita, mwili wake ndio utakaovutwa kuelekea mlangoni, na mlango utabaki ulipo. Vivyo hivyo, kifundo cha mkono kikilegea, fremu nayo inarudi nyuma pamoja na slaidi. Vyote viwili vikienda njia moja, umbali kati yao unapungua, na slaidi haifiki mwisho wa safari yake. Ganda linabanwa likiwa limesimama wima pale pa kutokea, au slaidi inarudi mbele bila kuchukua risasi mpya.

Bastola nzito ya chuma husamehe zaidi. M1911 ya John Browning, iliyochukuliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911, ina uzito unaozidi kilo moja, kwa hiyo fremu yake pekee ni mzigo usiosogea kirahisi. Glock 17, iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, ina fremu ya plastiki ngumu, na fremu hiyo ni nyepesi kuliko slaidi iliyo juu yake. Tena risasi zinavyopungua kwenye magazini, sehemu ya chini inazidi kuwa nyepesi. Uzito ambao chuma hakina, mkono lazima uutoe.

Nilipomtembelea shangazi wakati wa likizo, nilimuuliza maswali kama fundi anavyomuuliza mwenye gari. Ilikwama kwenye risasi za mwanzo au za mwisho?

"Za mwisho," alisema.

Kuna mtu mwingine aliyeijaribu bastola ileile?

"Ndiyo. Mwenzangu mwanaume. Ikapiga vizuri, na hapo ndipo wakaandika."

Jibu hilo lilinisumbua, kwa sababu ni ushahidi dhidi yake, nami nilikuwa nimekuja kumtetea. Lakini ushahidi lazima usomwe kwa kiasi chake. Unaonyesha kwamba bastola ile, kwenye mkono ule, ilifanya kazi. Hauonyeshi kwamba bastola ilikuwa nzima. Bastola iliyokauka mafuta, yenye masizi, au iliyopewa risasi za baruti hafifu, inaweza kubaki na nguvu ya ziada kidogo sana. Mkono uliokita vizuri unaificha kasoro hiyo, na mkono uliolegea unaifichua. Hakuna aliyebadilisha magazini, hakuna aliyebadilisha risasi.

Nilimuomba anionyeshe alivyoishika. Alichukua rimoti ya televisheni. Aliishika chini, mbali na juu ambako teke linapita, na kifundo chake kilikuwa kimepinda. Nikamuuliza nani alimfundisha hivyo.

"Nani afundishe? Tulipanga foleni, ukifika unapewa."

Nikamsogeza mkono juu, nikamnyoosha kifundo kiwe mstari mmoja na mkono wa mbele, nikamwambia mkono wa pili ujaze nafasi iliyobaki pembeni, dole gumba lisiguse juu. Kisha nikaisukuma ile rimoti nyuma kwa kiganja, kwa nguvu. Haikusogea. Mimi ndiye niliyerudi hatua.

Mshiko imara hautaki misuli mikubwa. Unataka mifupa ipangwe ili teke lipite hadi begani, na hilo hufundishwa. Aliyeandika "mkono dhaifu" aliona mkono unaolegea, akadhani ameona mwili usiofaa. Katika fani yangu kosa hilo lina gharama, kwa sababu ukishalitaja tatizo kuwa ni mtu, unaacha kuitazama mashine, na unaacha kumfundisha mtu.

Shangazi aliiweka rimoti mezani, akabaki akiitazama mikono yake.

"Ingechukua muda gani kunifundisha?"

Nilimwambia ukweli: pengine asubuhi moja.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akahesabu kwa vidole miaka aliyokaa mapokezi, akafika 14, akaacha kuhesabu.