Mnunuzi Akipiga, Nani Anapokea?

Leo tuweke viwavijeshi pembeni, tuzungumzie hicho kitochi ulichonacho mfukoni.

Msimu uliopita nilimuunganisha mama mmoja wa Msalala na mnunuzi wa mchele wa Katoro, anayewauzia mama lishe wa machimboni. Mama alikuwa na magunia kumi tayari. Mnunuzi akapiga asubuhi: "haipatikani". Mama alikuwa jarubani, simu imezima chaji. Akanipigia mimi, nami nilikuwa bondeni kusiko na mtandao. Saa nane akanunua kwa mtu mwingine. Wiki ile ile mama akauza kwa bei ya hasara kwa mchuuzi aliyepita mlangoni, kwa sababu ada ya shule haikusubiri. Namba nilitoa mimi, kwa hiyo lawama nilistahili.

Kampuni kubwa zina mashine ya kupokea simu, ile ya "bonyeza moja, bonyeza mbili". Kwako wewe siishauri. Mtu aliyesimama sokoni na pesa mkononi anataka kusikia bei na idadi ya magunia. Akisikia mashine anakata.

Kinachokufaa kipo tayari kwenye laini yako: kuelekeza simu kwa mtu mwingine usipopatikana. Bonyeza **62*, andika namba ya huyo mtu ukianza na +255, malizia na #, kisha piga kama unavyopiga simu. Hapo ukizima au ukikosa mtandao, simu inamwita yeye. Ukitaka iende kwake inapoita bila kupokelewa, tumia 61 badala ya 62. Ukiwa unaongea na mwingine, 67. Kufuta zote ni ##002#. Mtandao wako ukikataa, piga 100 uwaulize huduma kwa wateja.

Gharama ya kipande cha kutoka kwako hadi kwa mpokeaji unalipa wewe, si mnunuzi. Salio likiisha usitegemee kitu.

Tulimwekea mama namba ya kijana wake wa bodaboda pale Kahama mjini. Simu ya kwanza kijana akajibu, "Mama hayupo," akakata! Kumbe tulihamisha simu, bei hatukuihamisha. Sasa kila jioni mama anamtumia ujumbe: magunia mangapi, bei gani, mwisho kupunguza wapi. Kama huna mtu wa kumwamini hivyo, bora uelekeze kwenye laini yako ya pili na kuiacha kwenye simu iliyoko nyumbani.

Na hapa sikiliza vizuri. Akikupigia mtu akidai ni wa mtandao, akakwambia bonyeza **21* na namba fulani, usithubutu. Hiyo inapeleka simu zako zote kwake, wala yako haiiti. Wanunuzi wako watampigia tapeli wakidhani ni wewe, na malipo ya awali atawaomba yeye. Kuangalia kama umeshategwa, piga *#21#. Ukikuta namba usiyoijua, futa kwa ##002#, kisha iripoti kwa ujumbe kwenda 15040.

Jaribu leo jioni kabla hujaenda shamba kesho: weka, zima simu, mwombe jirani akupigie, uone inaita wapi.