Saladi ya Mavyaa

Ramadhani ya kwanza baada ya mavyaa wangu kuambiwa ana kisukari, daktari alimruhusu kufunga kwa masharti. Kilichomlemea si dawa, bali futari: viazi karai, kaimati, mkate wa sinia.

Jioni moja nikamwandalia saladi. Niliosha letusi kwa maji matatu, nikaikausha kwa kitambaa, kwani jani lenye maji hukataa mafuta. Nikakata tango na nusu ya embe ngowe, lisiloiva mno. Korosho za Kilifi nilizikaanga kavu hata zikanukia. Nikachanganya ndimu, mafuta ya zeituni na chumvi kidogo; juu nikamomonyoa jibini jeupe.

Aliitazama sahani kitambo. “Mwanangu, haya si majani ya mbuzi?” Nikacheka, ingawa yaliniuma. Kisha akauliza, “Na jibini hili limegandishwa kwa nini?”

Sikuwa na jibu. Chumvi yake nilikuwa nimeiangalia dukani, nisikumbuke kwamba maziwa huweza kugandishwa kwa kitu kitokacho tumboni mwa ndama, na ndama huyo hatujui alichinjwaje. Wanavyuoni wamekhitilafiana katika hilo. Mavyaa wangu hapendi shaka. Nikaenda jikoni, nikaiokota karatasi ya jibini kwenye taka, nikaisoma chini ya taa: kigandishio chake hakikutoka kwa mnyama.

Niliporudi kumweleza, korosho zilikuwa zimekwisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaivuta sahani karibu, akaomba ndimu nyingine.