Injini Itasomaje Taa Malaba?

Namuwongo, ninakoishi, wauzaji hupanga nyanya na mkaa hatua chache kutoka relini. Ishara yetu sisi ni honi. Ikilia, mama anavuta beseni lake, treni inapita, biashara inaendelea. Dereva ndiye mwenye ishara za kusoma, na ishara hizo hazifanani kila nchi.

Nyekundu ni simama karibu kila mahali. Ugomvi uko kwenye rangi nyingine. Katika karne ya 19, huko Uingereza, taa ya kijani ilimaanisha tahadhari, na nyeupe ndiyo iliyoruhusu treni kupita. Kioo chekundu kikivunjika, taa ilibaki nyeupe, na dereva akaenda moja kwa moja kwenye hatari! Ndipo kijani kikapandishwa cheo. Hata leo, kwenye njiapanda ya reli, taa za Uingereza humwonyesha dereva upande anaoelekezwa, na mwendo aujue mwenyewe. Za Ujerumani humtajia mwendo.

Kwetu, reli ya zamani iliyotoka Mombasa ilifika Kampala mwaka 1931, na hadi 1977 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la reli. Sasa kila nchi inajenga yake. Reli mpya ya Kenya, iliyofika Naivasha mwaka 2019, inafuata viwango vya China. Ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kusafirisha abiria mwaka 2024, inatumia mfumo wa Ulaya uitwao ETCS: ruhusa ya kwenda hutumwa kwa redio hadi kwenye skrini iliyo mbele ya dereva. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba wa kujenga kilomita 272, Malaba hadi Kampala, na Yapı Merkezi, kampuni ya Uturuki iliyojenga pia kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro.

Mjadala tunaousikia ni wa mikopo na upana wa reli. Upana hauna tatizo, maana pande zote ni milimita 1,435. Behewa litavuka Malaba bila kujua kwamba limevuka. Injini je? Ama ibebe vifaa vya mifumo miwili, kama treni nyingi zinazovuka mipaka Ulaya, ama ifunguliwe mpakani na kufungwa nyingine. Njia ya kwanza inagharimu fedha, ya pili inagharimu muda. Foleni ya malori pale Malaba tunaifahamu vizuri, na sioni haja ya kuijengea mwenzake wa reli.